Ukipata wapangaji darini Chiola, Nachingwea

Umeezeka bati, majirani wamekupongeza, na kabla ya msimu wa korosho kwisha dari imeanza kuchakarika. Pokea pongezi nyingine: umepata wapangaji. Hawakulipa kodi ya miezi sita, na kila magharibi wanatoka mmoja mmoja kwenye upenyo usiopitisha kidole gumba. Soma haya kabla hujamwita fundi.

Wajue kwanza. Hawa si wale popo wakubwa wanaogombania maembe. Mpangaji wako wataalamu humwita Chaerephon pumilus: ana gramu kumi hivi, na mkia wake umechomoza nje ya ngozi iliyo kati ya miguu ya nyuma. Hagusi korosho wala papai. Anakula nondo, mbawakawa na kunguni wa mimea, akiwasaka angani kwa sauti ya kilohezi 25 hivi. Sikio letu hukomea kwenye 20, kwa hiyo kelele unazozisikia darini ni maneno ya nyumbani tu, si uwindaji. Huko Limpopo, Afrika Kusini, watafiti wamebaini kwamba popo wa aina hii hula kunguni wanaoharibu makadamia. Mwenye mbaazi na ufuta alipime hilo.

Kwa asili hukaa kwenye mashimo ya miti mizee na nyufa za miamba. Mingi ya miti hiyo, hapa Nachingwea, iling'olewa kwa tingatinga enzi za mradi wa karanga wa mkoloni ulioanza 1947, na mingine tumeimaliza wenyewe kwa shoka na tanuri la mkaa. Ndiyo maana naona wana haki ya kubisha hodi.

Kama huwataki, nyumba ni yako. Ila usiwatoe wakati wa mvua. Jike huzaa mtoto mmoja asiye na manyoya wala uwezo wa kuruka, kisha mama humwacha darini akaenda kuwinda. Ukiziba usiku huo, mama anabaki nje, mtoto anafia ndani, na harufu utaishi nayo wewe. Ngoja kiangazi, mwezi wa saba hivi. Juu ya upenyo ning'iniza kipande cha wavu laini, kibane juu na pembeni, chini kiwe wazi: atokaye ateleze apite, arudiye asione mlango. Baada ya siku kadhaa, dari ikiwa kimya, ziba. Sumu usipulize kamwe; popo anayekufa huanguka uani, mahali watoto wanapocheza.

Kinyesi kilowanishe kabla ya kufagia, ukiwa umevaa barakoa, kwani vumbi lake laweza kuwa na ukungu unaoshambulia mapafu.

Ukimkuta popo sakafuni, hajatumwa na mtu. Mabawa yake marefu na membamba yanampa shida kupaa kutoka chini. Mwinue kwa kitambaa kinene, umweke kwenye gome la mwembe, juu ya kimo cha mtu, apate pa kujiachia. Usimshike kwa mkono mtupu: baadhi ya popo wana virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati siku hiyohiyo.