Msafara wa Mshahara

Mume wangu anafundisha historia sekondari, na nyumbani kwetu hiyo ndiyo sababu chai haina sukari. Wanaume wengine wakiamua kubana matumizi hupunguza bia. Wangu hanywi, havuti, hana hata mpira wa kwenda kuangalia kwa kiingilio. Alipotafuta cha kupunguza upande wake hakukiona, akahamia upande wetu. Akanunua kaunta buku jipya (hela ya hilo kaunta buku haikuandikwa popote ndani yake), akaandika POSHO kwa wino mwekundu, akatuita sebuleni.

Somo lilikuwa hivi. Tabora yetu hii, enzi za Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mpaka kufika hapa watu walikuwa wameshatembea zaidi ya kilomita 800, miezi mitatu hivi, na kilo thelathini na kitu za mzigo begani au kichwani. Walifikaje? Kwa kipimo. Mpagazi alipewa kibaba chake cha nafaka kwa siku, basi. "Kama misafara ya mamia ya watu iliendeshwa kwa kibaba," alisema, "nyie wanne mtanishindaje?" Nikahesabu: mimi, wavulana wawili, msichana mmoja. Mwenye msafara hakujihesabu.

Tangu hapo kila Jumamosi tunapanga foleni. Unga kwa sado, mafuta kwa kipimo, sukari kwa kile kikombe cha bati alichotupa mama mkwe tulipooana, ambacho miaka yote hii nilidhani ni zawadi. Kirangozi wa zamani, yule aliyetangulia mbele ya msafara, alivaa joho jekundu watu wamwone kwa mbali. Wetu anavaa sweta jekundu la mtumba, hata Oktoba, jua la Tabora likiwa linapasua mabati.

Sukari ndiyo iliyomtia wazimu. Mwanzoni mwa 2024, ilipopanda bei nchi nzima mpaka watu wakawa wanainunua ya kufungwa kwenye vinailoni, aliifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni mwa sweta. Bei ikashuka, ufunguo haukutoka. Mtoto wetu wa mwisho amegundua kwamba kwa jirani chai hunywewa mapema, na kwamba mtoto akisimama mlangoni akatoa shikamoo ya nguvu, hupewa kikombe. Daftari linasema matumizi ya sukari yamepungua. Kwa jirani hakuna daftari, kuna jicho, na anayetupiwa jicho hilo tukikutana bombani ni mimi.

Nikamwambia: mwalimu, unasoma historia kwa upande unaokufaa. Misafara ile haikuliwa na wapagazi, ililiwa na hongo. Mzungu Burton alipita Ugogo mwaka 1857 akilalamika, Mzungu mwenzake Stanley akapita 1871 akilalamika zaidi: kila mtemi anataka doti zake za nguo, usipotoa hupiti. Na mshahara wako je? Unatoka Hazina, Dodoma, Ugogo kulekule! Haujafika hata Manyoni umeshakatwa kodi, pensheni, bima ya afya, asilimia 15 ya mkopo wa chuo, na rejesho la ule mkopo wa benki ulioezekea nyumba. Unaoingia Tabora ni msafara wa majeruhi. Alicheka kweli, nikadhani nimeshinda. Kisha akafungua daftari akaandika: "Mama watoto apunguziwe vocha. Ana maneno mengi."

Hao majeruhi nao wakishaingia mjini, hongo zinaanza upya. Serikali iliondoa ada katika shule za umma, msingi mpaka kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaondoa hata ya kidato cha tano na sita. Nashukuru kwa dhati, maana ada naikumbuka. Lakini ada ilipoondoka iliacha watoto. Kuna chakula cha mchana, kuna mlinzi, kuna mtihani wa majaribio, kuna karatasi za mtihani wa majaribio (kumbe hivyo ni vitu viwili), kuna ufagio wa chelewa, kuna jembe na mpini wake. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni, na kweli tukapumua. Baadaye nikaitwa kwenye kikao cha wazazi, shule nisiyoitaja, tukakubaliana kuchangia kwa hiari yetu wenyewe kwa kunyoosha mikono, huku mwenye kalamu akiandika majina ya ambao mikono yao ilikuwa bado inafikiri.

Kwenye sare ndiko mwalimu anakojiona bingwa. Ana nadharia kwamba kaptula moja ya shule inaweza kuhudumia ukoo. Ya kijana mkubwa ilishonwa na pindo refu mpaka fundi cherehani akauliza kama mtoto ana babu mrefu. Kila Januari pindo linashushwa kidogo, na bluu iliyokuwa imejificha ndani inatokea mpya, kwa hiyo kaptula ina mistari, na mstari mmoja ni darasa moja. Ukimwona kijana amesimama paredi unaweza kusoma alikuwa darasa la ngapi alipoanza kurefuka. Tatizo ni kwamba Mungu alitupa mvulana, msichana, mvulana. Mume wangu anaona huo ni upangaji mbaya, na ananiangalia mimi. Kaptula ikimtoka wa kwanza haina pa kwenda. Inalala sandukuni miaka ikimsubiri wa tatu, na nondo wa Tabora hawana mpango wa akiba. Msichana kila anachovaa ni kipya, na daftarini ana ukurasa wake peke yake wenye kichwa cha habari: "Gharama isiyogawanyika." Ameshaanza kujua kusoma. Aliniuliza kama hilo ni jina lake la shule.

Nauli ya bodaboda ilifutwa papo hapo. Wanyamwezi walitembea mpaka pwani wakarudi, watoto wa Kinyamwezi washindwe kutoka Isevya mpaka shuleni? Watoto wakatembea. Soli zikaenda. Sasa fundi viatu wa Ng'ambo anawajua wanangu kwa nyayo. Lakini sikia uhasibu: nauli ilikuwa ukurasa wa Usafiri, viatu viko ukurasa wa Mavazi. Kwa hiyo Usafiri umeokolewa na sifa ni zake. Mavazi yamezidi na kesi ni yangu. Akapendekeza katambuga za tairi, ambazo naamini zingefika Ujiji bila kubadilishwa, ila shule inataka viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba. Alisikitika siku nzima. Alikuwa ameshampata mtu mwenye tairi.

Msimu wa embe ndipo nyumba hupumua, na hapo sina ubishi naye. Mji huu una miembe kila kona, mizee kwa mizee, na wazee husema iliota njiani mwa misafara. Embe zikianza kudondoka, daftari linafungwa. Asubuhi embe, mchana embe. Usiku watoto wanashindana kukimbilia chooni, na sabuni inayotumika kufua kesho yake ingenunua mkate wa wiki, lakini sabuni ina ukurasa mwingine.

Sasa nije kwenye mafuta ya kula, maana ndiko tulikokaribia kuachana. Bei ilipomchosha, alikodi ekari ya shamba njia ya Urambo ili tupande karanga, tukamue wenyewe. Nikamuuliza kama hiyo Urambo ni ileile anayowafundisha wanafunzi wake. Maana hata mimi niliyesikiliza kupitia ukuta najua: baada ya Vita ya Pili, Waingereza kwao mafuta yaliadimika, wakaamua mwaka 1947 kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita, yakapambana na visiki na mizizi ya pori letu. Mwaka 1951 wakaacha. Pauni milioni 36 zilikuwa zimeshakwenda. Serikali nzima, yenye mfalme na jeshi la majini, ilitaka kubana mafuta ya kula ikashindwa hapahapa Urambo, wakati bibi zetu walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono bila kupoteza hata senti.

"Wao walikosa nguvu kazi inayojua mazingira," akanijibu.

Nguvu kazi yenyewe ilikuwa imekaa mbele yake inachambua mchicha. Likizo ya Desemba yote tulikuwa shambani, mimi na watoto watatu, jembe moja likiwa lile la shule. Yeye alikuja Jumamosi, na sweta, akasimama kichuguuni akatueleza habari za Mirambo, mtemi wa zamani wa Urambo. Mbegu nusu ziliingia ardhini, nusu ziliingia kwa watoto. Tulipalilia, tukang'oa, tukapukuchua mpaka vidole vikavimba. Tulipofikisha mavuno mashineni, mwenye mashine akatutazama kwa huruma: yeye hukamua alizeti, na kwa mzigo ule wetu hawezi hata kuilowesha mashine.

Kwa hiyo karanga zikarudi nyumbani na tunazila. Kisamvu cha karanga, nsansa ya karanga, mlenda wa karanga. Juzi nimeona uji una karanga na sikumbuki kuziweka. Lakini daftarini mradi umefaulu, tena amezungushia duara: mafuta hatununui sana, kwa sababu kila mboga imeungwa tayari.

Nimelipekua lile daftari lote akiwa kazini. Lina ukurasa wa Usafiri, wa Mavazi, wa Nishati, ambako ameandika kwamba mtungi mdogo wa gesi ni wa wageni na maharage yapikwe kwa mkaa. Halina ukurasa wa mgongo wangu. Hakuna pahali palipoandikwa nani aliamka saa kumi kuwasha huo mkaa, nani aliyezungukazunguka mtaani akitafuta nyanya za fungu la bei ya juzi, nani anayeshusha pindo usiku kwa taa ya simu ili umeme usiliwe. Hata msafara wenyewe ulikuwa hivyo. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri na wake zao. Wanawake wakabeba sufuria, na mtoto mgongoni, na wakifika kambini, wanaume wakitua mizigo, wao wakawasha moto. Nilimsomea hayo kutoka kwenye kitabu chake mwenyewe. Akasema nimekifungua sana, jalada litalegea.

Lakini kitabu hichohicho kilinipa dawa. Wapagazi wakichoshwa walitua mzigo usiku wakatoroka, na Wazungu wale wamejaza kurasa wakililia jambo hilo. Basi jana baada ya kula (kunde, za karanga) nikamtangazia kwamba shule zikifungwa tu mimi na watoto wote watatu tunakwenda Nzega kwa dada yangu, msafara ubaki na kirangozi na sweta lake. Nilitegemea ashtuke. Alivuta daftari, akapiga hesabu muda mrefu, akageuza ukurasa, akapiga tena. Alipoinua uso ulikuwa umechangamka kuliko siku ya mshahara.

"Kwa shemeji kule," akasema, "wanakula mara tatu kwa siku, siyo?"