Namna ya Kulivua Paa Gari la Injini Mgongoni Bila Kuvunja Kioo Wala Undugu

Paa la Toyota MR2 hapa Auburn livuliwe Agosti. Mwezi huo jua la Sydney linapasha bila kuunguza, hewa ni kavu, na kwenye Bustani ya Mimea ya Auburn, pale Chisholm Road, miti ya sakura imechanua hadi watu wanakuja kwa treni kutoka pande zote za jiji kuitazama. Gari lililozaliwa Japani lina haki ya kupita chini ya maua ya kwao likiwa kichwa wazi. Anayevua Januari namhurumia. Tarehe 4 Januari 2020 Penrith, magharibi mwa jiji hili hili, joto lilifika nyuzi 48.9, na kiti cheusi kilichoachwa wazi kwenye jua la namna hiyo hakikaliki mpaka magharibi iingie.

Ninayoizungumzia ni MR2 ya kizazi cha pili, ile mafundi wanayoiita SW20, iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1999. Ina viti viwili tu. Injini imelala kwa upana nyuma ya viti hivyo, rejeta iko mbele kabisa, na mabomba ya maji yanapita chini ya gari kwenda na kurudi. Zile zenye paa la T zina vioo viwili juu ya kichwa, kimoja cha dereva na kimoja cha abiria, na katikati umebaki mhimili mmoja wa chuma. Msomaji wa Nairobi hataletewa hii kwa meli, kwa sababu Kenya haipokei gari lililotumika ambalo limepita miaka 8. Hapa Australia zenye turbo hazikuuzwa rasmi, ila ziliagizwa zikiwa zimeshatumika Japani, na ndiyo maana bado unaweza kuikuta moja katikati ya yadi za magari zilizojipanga Parramatta Road.

Kabla ya spana, panga watu. Auburn ni mji wa Waturuki, Waafghani, Walebanoni, Wachina, Wasudani, Wasomali na sisi tuliotoka pwani na maziwa makuu, na mataifa haya yote yana imani moja: gari likifunguliwa kifuniko kando ya barabara, anayepita ana wajibu wa kusimama. Usimfukuze mtu. Salimia, toa mkono, kisha mpe kila mmoja kazi yake mapema, kwa sababu mtu asiye na kazi ndiye anayeegemea madigadi. Mzee apewe kiti na tochi. Kijana mwenye mikono mirefu akae karibu nawe. Anayejua injini za dizeli peke yake asimulie, msikilize kwa adabu, na spana zibaki upande wako. Watoto wapewe kopo la kuhifadhia boliti. Hakuna askari mkali kama mtoto wa miaka saba aliyekabidhiwa kopo.

Anza na injini, paa liache mahali pake. Nimesikia hoja za wanaoanza na paa na sikubaliani nazo. Kifuniko cha injini kiko nyuma tu ya kioo cha nyuma, hivyo paa likiwa wazi, boliti inayoteleza mkononi itatua kitini, na spana inayofuata itatua kwenye kioo ulichokihifadhi nyuma ya kiti hicho. Vioo vikiwa vimefungwa juu, gari lenyewe linavilinda.

Sasa subiri. Injini yenye turbo iliyotoka kuendeshwa haiguswi. Gesi ya moshi inayozungusha turbo ni ya moto mno, chuma chake kinabaki na joto muda mrefu baada ya kuzima, na kwa kuwa injini imebanwa katikati ya gari, joto hilo halina pa kukimbilia isipokuwa juu, yaani usoni kwako. Ukisikia feni inavuma ilhali ufunguo uko mfukoni, usiogope, inapoza chumba cha injini. Kunywa chai. Na usidanganywe na mgeni anayetaka ufungue kifuniko cha maji ili aone kama yamejaa. Mfumo wa maji ya moto una shinikizo, na aliyewahi kurukiwa na maji ya rejeta anajua kwamba hakuna chai inayofikia ukali ule.

Injini ikipoa, fungua kifuniko na kisimamishe kwa fimbo yake. Kwa kazi ndogo, kama kuangalia oili au kubadilisha plagi, inatosha kukiacha kimesimama. Kukiondoa kabisa ni kwa siku ya kazi kubwa, siku unayotaka nafasi ya mabega yako yote mawili. Tandaza blanketi juu ya injini kwanza, maana boliti ikidondoka mle ndani inapita kwenye mabomba na waya hadi sehemu ambayo hata sumaku ya mkono mrefu inakwenda kuibembeleza. Kisha chukua penseli ya rangi au utepe wa karatasi wenye gundi na uweke alama kuzunguka kila bawaba, pale inapokutana na kifuniko. Hatua hii wengi wanairuka, nami naiona muhimu kupita zote. Matundu ya boliti yana nafasi ya kucheza kidogo, na kifuniko kikirudi kimekaa milimita chache pembeni, kitakwaruza rangi kila unapokifunga, na utazunguka nacho kikiwa kimepinda mbele ya macho ya Auburn nzima.

Mafundi wa Toyota wanajua kuwa boliti nyingi za gari hizi ni namba 10, 12 na 14, hivyo soketi tatu zinakufikisha mbali. Chunguza kama kuna waya unaokwenda kwenye kifuniko na uuchomoe kwanza. Legeza boliti zote kidogo kidogo kabla ya kutoa hata moja, na mwenzako awe ameshika upande wa pili tangu mwanzo. Kifuniko kikitoka, rudisha kila boliti kwenye tundu lake kwa vidole, au mkabidhi askari wa kopo. Kifuniko chenyewe kisimamishwe kwenye blanketi, kimeegemea ukuta, mbali na mlango na mbali na mpira wa watoto. Kikilazwa chini kwenye saruji, kuna mtu atakikanyaga, na mtu huyo atakuwa mgeni unayemheshimu.

Simama sasa uitazame injini, maana Mwafrika Mashariki yeyote mwenye umri wa kutosha anaijua hata kama hajawahi kuiona. Kwenye MR2 ya turbo jina lake ni 3S-GTE, silinda nne, sentimita za ujazo 1,998. Injini ya ukoo huo huo ndiyo iliyokuwa ndani ya Toyota Celica zilizotamba Safari Rally. Björn Waldegård wa Sweden alishinda nayo 1990, Carlos Sainz wa Hispania 1992, na mwaka 1993 Toyota ilichukua nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen wa Finland akiwa mbele. Kisha 1994 ushindi ukabaki nyumbani: Ian Duncan, Mkenya, aliifikisha Celica yake kwanza. Mwaka uliofuata akashinda Yoshio Fujimoto wa Japani. Hao walipita vumbi, mito iliyofurika na mawe yanayokata matairi, na mashine iliyowavusha ilikuwa ndugu wa hii iliyo mbele yako, ila kwenye Celica ilikaa mbele na kusukuma magurudumu yote manne. Toyota iliwahi hata kuunda MR2 ya rali, ikaiita 222D. Vifo vya mashindano ya 1986 vikafanya daraja la magari iliyokusudiwa lifutwe, ikabaki bila kushindana. Nikiitazama injini hii huwa nasikitika kwamba hatukuiona gari ile ikipita Naivasha.

Waeleze vijana waliosimama hapo historia hiyo, kisha waeleze na sheria. Mwenye leseni ya P, yaani ya dereva mpya, katika New South Wales haruhusiwi kuendesha gari lenye nguvu ya kupita kilowati 130 kwa kila tani ya uzito, na MR2 ya turbo ya Japani imeupita mpaka huo. Mpwa wako atakuomba azungushe mtaa mmoja tu. Mwambie hapana kwa upendo, mara moja, bila kujieleza sana.

Ukimaliza kazi ya injini, oili iliyotumika iingie kwenye dumu, na dumu lipelekwe mahali inapopokelewa. Ikimwagwa kwenye mfereji wa barabara itafika Duck River, na Duck River inaingia Parramatta River, ambako watu wanatembea jioni na watoto wao. Funga kifuniko ukifuata alama zako, kaza boliti kwa zamu, shusha taratibu, tazama pengo la kushoto na la kulia. Yakilingana, nenda kwenye paa.

Gari liwe mahali tambarare kabisa. Bodi ikiwa imejipinda kidogo, gurudumu moja likiwa juu ya ukingo wa barabara, kioo hubanwa na utakilazimisha. Shusha vioo vya milango, kwa sababu milango hii haina fremu na kioo chake hubana raba ya paa moja kwa moja. Toa vizuia jua vya ndani kama vipo. Fungua kufuli ya kioo cha abiria, kisha mwite mwenye mikono mirefu.

“Mjomba, nikamate wapi?”

“Kamata kioo chenyewe, kiganja kizima. Raba usiiguse.”

“Kizito hiki!”

“Ndiyo maana nimekuita wewe. Usikiachie mpaka niseme nimekipata.”

Kioo kinainuliwa kwa usawa, wawili kwa pamoja, na kinaingia mfukoni mwake kabla ya mtu yeyote kusema jambo lingine. Hapo ndipo mwongozo huu ulipokuwa unaelekea tangu mwanzo, kwa kuwa vioo vya MR2 havivunjiki vikiwa juu ya gari. Vinavunjika vikiwa vimewekwa mahali “kwa dakika moja”: juu ya kifuniko cha injini, juu ya nyasi, juu ya kochi ambako bibi anakuja kuketi. Havikai chini ya kitanda cha watoto, kwa sababu chini ya kitanda ni uwanja wa mpira. Havisimami nyuma ya mlango wa gereji. Buti la nyuma nalo silipendi, liko jirani na bomba la moshi na lina joto lake. Na kuviacha nyumbani ukaondoka ni kuuamini mno utabiri wa hali ya hewa. Sydney inakumbuka tarehe 14 Aprili 1999, mvua ya mawe ilipopasua mapaa na magari ya mitaa ya mashariki kwa jioni moja. Aliyekuwa na vioo vyake kabatini siku kama hiyo angevitazama kwa huzuni kubwa.

Mahali pake ni nyuma ya viti. Waliochora gari hili waliacha nafasi hapo kwa kazi hiyo: sogeza kiti mbele, ingiza kioo ndani ya mfuko wake, kifunge kisitikisike, rudisha kiti. Cha kulia kikae kulia, cha kushoto kushoto, ili jioni usivichanganye gizani. Utapoteza nafasi ya kuegemea, na mtu mrefu atalalamikia magoti. Alalamike. Mfuko ukiwa umechanika, ushone au tafuta blanketi la sufi lisilo na zipu wala vifungo, maana kioo kinachosuguana na chuma kutoka hapa hadi Wollongong kitafika na michirizi isiyofutika.

Kabla ya kuondoka tazama raba zote huku paa likiwa wazi, maana ndiyo nafasi pekee ya kuziona vizuri. Zifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, zikauke, zipakwe grisi ya silikoni. Wengi hupaka vaselini, waache. Mafuta yatokanayo na petroliamu huvimbisha na kulegeza raba za aina nyingi, na raba iliyolegea haizuii maji. Zibua pia mifereji midogo ya pembeni, ambayo hapa Auburn hujaa majani na vumbi la barabara.

Safari ya kwanza iwe fupi. Pita Gelibolu Parade, minara ya Msikiti wa Gallipoli ikiwa juu yako bila dari katikati, kisha ukate kuelekea bustanini. Gari likitulia na hakuna kinachogonga nyuma ya viti, Jumapili shuka kusini hadi Sea Cliff Bridge, daraja la mita 665 lililojengwa kando ya jabali juu ya bahari. Mpwa akae kiti cha abiria. Kofia isiyo na kamba ibaki nyumbani.

Jioni vioo vinarudi kwa kanuni ile ile: mahali tambarare, vioo vya milango chini, watu wawili, raba safi. Kisha washa bomba la bustani, mwagia paa maji polepole kuanzia mbele kwenda nyuma, huku mtu mmoja ameketi ndani na kitambaa kikavu na tochi. Akisema “hapa”, usikaze kufuli kwa nguvu. Fungua kioo hicho, kiinue, kikalishe upya, na mwagia tena.