Umri Wangu Kwenye Shavu la Mguu

Aliyepanga triathloni ianze na kuogelea hakuwa mtu wa Gatongora. Huku kwetu Ruiru, bomba likitoa maji mtu huacha sufuria mekoni akimbilie mitungi. Bomba likinyamaza, tunamngoja jamaa wa mkokoteni. Maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona mtoto wa hapa mahali pamoja ni yale ya tangi la juu ya nyumba, na humo akiingia atachapwa. Sasa mtoto huyo akue, aote kitambi, asomeshe sekondari, halafu umwamshe Jumapili ya baridi umwambie aogelee mita 750, aendeshe baiskeli kilomita 20, kisha akimbie kilomita 5. Na hiyo ndiyo fupi! Ya Olimpiki ni mara mbili yake. Iko na nyingine, Ironman, ambapo unaogelea kilomita 3.8, unaendesha 180, halafu ndipo unaanza marathoni nzima. Hao mimi huwaombea tu.

Nimesoma historia yao nikazidi kukasirika. Shindano linalohesabiwa kuwa la kwanza kuitwa triathloni lilifanyika Mission Bay, San Diego, kule Marekani, Septemba 1974, na lilianza kwa kukimbia. Kumbe nafasi tulikuwa nayo! Baadaye kuogelea kukasogezwa mbele. Wanasema mchovu akianguka barabarani atakalishwa kando apewe maji, lakini akiishiwa nguvu bwawani, maji keshapewa. Hoja hiyo sina la kuijibu. Kulalamika naendelea.

Nilipoanza mazoezi ya ile fupi, jirani mmoja alinihurumia kwa bei za mabwawa ya hotelini. "Baba Shiru, si mto Ruiru uko hapo, tena bure?" Nikamkumbusha kwamba Wafaransa walitumia takriban euro bilioni 1.4 kuusafisha mto Seine kwa ajili ya Olimpiki za 2024, na bado triathloni ya wanaume ikaahirishwa siku moja kwa sababu ya uchafu wa maji. Mto wetu ukipita mjini hupokea kila unachopewa, wala sijaona mtu akiuchangia hata ndoo ya dawa. Nikaenda hotelini. Huko nilifanya mazoezi pamoja na watoto waliovaa maboya, na walikuwa wakinipita.

Mashindano yenyewe yalikuwa katika shule moja ukielekea Thika. Kabla ya lolote, binti mwenye kalamu nene alinikamata mkono akaniandika namba. Hilo sawa. Kisha akainama akaniandika umri kwenye shavu la mguu. Hili sikuambiwa. Eti ni kusaidia kujua nani anashindana na nani katika rika lake. Mimi nimeoa, nimelipa ushuru, nimekaa vikao vya mahari, na sasa natembea mbele za watu nikiwa na umri wangu nyuma kama bei ya nyanya.

Bwawa lilikuwa la mita 25, maana yake ni kwenda na kurudi mpaka urefu wake utimie mara 30. Nilipewa kijana wa kunihesabia. Mimi nilikuwa nimefika ishirini na sita. Yeye, aliyekuwa akihesabu huku akijibu simu, akasema ishirini na nne. Hebu jaribu kubishana na mtu wakati pua imejaa maji. Kila ukifungua mdomo kudai haki yako, unameza klorini. Nikaogelea za kwake.

Kutoka majini unakimbilia pale baiskeli zilipotundikwa, na hapo ndipo nilipojua kwamba soksi na mguu wenye maji ni maadui wa damu. Nikaziacha. Nikashika baiskeli, filimbi ikalia. Sheria ya mchezo huu ni kwamba huruhusiwi kugusa baiskeli kabla hujavaa helmeti na kuifunga kidevuni, na huifungui mpaka baiskeli irudi mahali pake. Nilirudishwa nyuma mbele ya umati. Mzee mzima wa Ruiru nafokewa kwa sababu ya helmeti, ilhali nje ya lango lile lile palikuwa na boda boda tele, wenyewe helmeti zao wamezivisha viwiko na vioo vya pembeni!

Barabarani ndipo nilipoelewa kazi halisi ya ile kalamu. Kila aliyenipita aliniachia umri wake nisome. Ishirini na tatu: sawa, ana mapafu mapya. Thelathini na tisa: haya. Hamsini na nane: mgeni mmoja mwembamba, mvi tupu, alipita akiimba kidogo kidogo. Kufikia kilomita ya kumi na tano ningeweza kuiandikia serikali sensa.

Halafu kukimbia. Mashabiki wote walikuwa wameniwekea akiba ya matumaini hapo. Yule wa hamsini na nane, ambaye tulikutana tena kwenye meza ya maji, alinipigapiga bega: "Sasa ni mbio, Mkenya. Hapa ni kwenu!" Nilitamani kumweleza kwamba Kipchoge alipokimbia Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40 hakuwa ametoka kushuka baiskeli bila soksi. Miguu ikishazoea kuzungusha pedali, ukiiambia ikimbie inakutazama tu. Nilikuwa nainua goti, linafika baadaye. Mzee akaenda zake. Hata kwetu alinishinda.

Wote tuliomaliza tulipewa medali zinazofanana, ndizi moja na chupa ya maji, kana kwamba maji ndiyo niliyoyakosa siku hiyo. Nikatafuta wa kunipeleka nyumbani, maana baiskeli nisingeweza tena hata kuiangalia. Kijana wa boda akanipima juu mpaka chini: nguo ya mpira imenibana, sina soksi, shingoni medali.

"Mzee, wewe ni mia mbili. Baiskeli mia mbili."

"Kwa nini baiskeli ilipe kama mtu?"

Akainama, akasoma shavu la mguu wangu, akatingisha kichwa.

"Haya, kwa huo umri wako, lipa mia tatu."

Helmeti alinipa nishike.