Waraka kwa Mheshimiwa Mtangaza Tiba

Mheshimiwa,

Sisi wasomaji wako hatujambo, ila wenzetu wenye sonona bado wanaingojea dawa uliyowaahidi. Bila shaka unakumbuka: ulitutangazia kwamba sonona ni moto uwakao mwilini, na kwamba dawa za kutuliza uvimbe, hizi hizi za magoti na mgongo, zitauzima. Mwenye kumbukumbu kama yako hawezi kusahau ahadi nzito kiasi hicho.

Kwanza nikupe haki yako: wazo hilo hukulizua. Wagonjwa wa saratani ya ngozi waliochomwa sindano za intaferoni, dawa inayoamsha kinga ya mwili, walionekana wakizama katika sonona. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba waliokingwa mapema kwa paroksetini, dawa ya sonona, ni 11% tu walioipata sonona. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, 45%. Kwa hiyo kinga ikichachamaa, moyo nao huweza kuvunjika. Hapo ulisema kweli, na nakushukuru hima, maana fursa za kukushukuru ni chache.

Pili, nimestaajabia ukarimu wako katika hesabu. Mwaka 2006 madaktari wa Munich walichapisha jaribio ambamo wagonjwa wa sonona waliongezewa selekoksibu, dawa ya kutuliza uvimbe, juu ya dawa yao, wakapata nafuu kuliko wenzao. Wagonjwa wote walikuwa 40, na jaribio lilidumu wiki 6. Mwingine angesema tungoje kidogo. Wewe, kwa upana wa moyo wako, uliwaona wanadamu wote ndani ya hao 40.

Tatu, nakuomba turejee Atlanta, katika Chuo Kikuu cha Emory. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 60 walioshindikana kwa dawa za kawaida walitundikiwa dripu mara tatu: wengine ya infliksimabu, dawa ya baridi yabisi, wengine ya maji ya chumvi matupu. Wiki 12 zilipokwisha, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Ndipo watafiti wakaitazama damu. Ini hutoa protini iitwayo CRP mwili unapokuwa na mchochota, yaani ule moto wako. Waliokuwa nayo zaidi ya miligramu 5 kwa lita, 62% walipata nafuu kwa dawa, na 33% kwa maji ya chumvi. Waliokuwa nayo kidogo, nafuu kubwa waliipata wale wa maji ya chumvi. Niwie radhi nikirudia: kwa mgonjwa asiye na mchochota, maji ya chumvi yaliishinda dawa. Nimeitafuta habari hiyo katika tangazo lako, sikuiona. Naelewa, kichwa cha habari kilikuwa kikubwa, nafasi ikabaki finyu.

Nne, mwaka 2014 watafiti walioongozwa na Wadenmark walikusanya majaribio 14 ya dawa za kutuliza uvimbe yenye washiriki 6,262. Kwa jumla dawa hizi zilionekana kupunguza dalili, lakini wenyewe walionya kwamba majaribio hayo yalitofautiana sana na mengi yalikuwa na hatari ya kupotosha matokeo. Ulitugawia faida yote, tahadhari ukajibakishia mwenyewe. Hakika hupendi kutubebesha mizigo.

Tano ni kimya chako. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya wazee zaidi ya 19,000 wa Australia na Marekani: aspirini ya miligramu 100 kila siku haikuwakinga na sonona. Mwaka huo huo, nchini Pakistani, wagonjwa 266 wa sonona itokanayo na ugonjwa wa hisia mseto walijaribiwa selekoksibu na kiuavijasumu minosaiklini. Hakuna iliyofua dafu. Nilingoja tangazo lako, nikahofu unaumwa.

Sita, sidhani unajua matangazo yako hufika wapi. Huku kwetu mtu huingia duka la dawa, akaomba diklofenaki, mojawapo ya dawa hizo za kutuliza uvimbe, akakatiwa vidonge vinne kwa mkasi bila kuulizwa kama ana vidonda vya tumbo, figo mbovu au shinikizo la damu. Akiwa tayari anatumia fluoksetini kwa sonona yake, mchanganyiko huo humwongezea hatari ya kuvuja damu tumboni. Wala madhara haya si uvumi: rofekoksibu, ndugu yake selekoksibu, iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya maradhi ya moyo na kiharusi.

Ahadi ni deni, na najua madeni hayakutishi. Hata hivyo sikudai tiba, maana si wewe uipikaye. Nakudai mambo matatu tu utakapotangaza tena: walijaribiwa wangapi, ni wagonjwa gani hasa waliopata nafuu, na ni wepi ambao dawa haikuwafaa au iliwadhuru. Utafiti wa kupima damu kwanza, kisha kumchagulia mgonjwa dawa, ungali na matumaini ya kweli. Usiuchafue kwa kuwaahidi wote kilichoonekana kwa baadhi.

Najua jibu lako halitachelewa. Matangazo yako yamezoea kutangulia hata majaribio yenyewe.

Wako mtiifu,
Msomaji anayeyahifadhi yote