Mjomba Pedi Ajibu: Zamu ni ya Nani?

Barua za mwezi huu nyingi zimeshuka kutoka milimani, na moja ina alama ya kidole kilichotoka kwenye sahani ya kimanga. Kumbe vijana wa Mghange wamechoka kufungana mabao kwenye runinga, sasa wanatembeza mashujaa. Kwa asiyejua, huu ni mchezo wa kusimulia uliozaliwa Marekani mwaka 1974 mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson. Msimulizi anaieleza dunia, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu ya pande ishirini inaamua. Siku hizi ramani imo kwenye kompyuta, kete husogezwa kwa pedi, na ukoo mzima unatazama skrini moja. Hapo ndipo kelele zinapoanza.

*Shikamoo Mjomba. Mimi ndiye msimulizi. Laptopu nimeiunganisha na runinga ya sebuleni, wachezaji wanne wamekaa kwenye kochi, kila mtu na pedi yake. Nikificha shimo nyuma ya mlango, akifungua mmoja wanaliona wote. Aliye upande wa pili wa ramani naye anapiga kelele, "Usiingie!" Siri zangu zimekwisha.*
— Msimulizi Mtupu, Mghange

Marahaba, mwanangu. Yaani mtu wa Mghange ananiandikia kulalamika kwamba ukungu umeondoka! Tazama Vuria, mita 2,208. Wingu likiushukia mlima asubuhi, anayekwenda dukani hupiga hodi njiani kwa sababu hajui anakutana na nani. Programu za mchezo wenu nazo zina ukungu wa namna hiyo: kila kete huona palipo karibu nayo tu. Mkiwa kila mtu na kompyuta yake, siri hukaa. Mkitazama runinga moja, macho manne yamekuwa jicho moja.

Fanya hivi. Usiiache runinga iwe kioo cha laptopu. Ifanye skrini ya pili. Fungua madirisha mawili, kila moja kwenye kivinjari chake. Moja ni lako, lina kila kitu, na linabaki kwenye laptopu. Jingine liingie kwa jina la mchezaji wa pamoja mwenye kete zote, hilo ndilo uliburute hadi kwenye runinga. Shimo lako halitaonekana mpaka kete ilifikie. Na ile siri inayomhusu mtu mmoja, mwite kibarazani umnong'oneze. Akirudi ndani kanyamaza, hao waliobaki kwenye kochi wataogopa kuliko kama wangeona joka.

*Mjomba, tuko watano. Pedi nne zinafanya kazi. Ya tano, yangu, nimeichomeka na taa inawaka, lakini kompyuta hainitambui. Kaka zangu wanasema ndiyo bahati ya kuzaliwa mwisho.*
— Kitinda Mimba, Wundanyi

Usilie. Hujalogwa, umehesabiwa tu. Pedi za Xbox na nyingi zinazoziiga hupita kwenye Windows kwa utaratibu uitwao XInput, na utaratibu huo una nafasi nne. Wa tano anabaki mlangoni, awe kifungua mimba au kitinda mimba.

Lakini kabla ya kuilaumu Windows, kagua mambo mawili. Kwanza, kivinjari hakiioni pedi mpaka ubonyeze kitufe chochote. Kuichomeka na kukaa kimya ni sawa na kusimama nje bila kubisha. Pili, huo waya. Nyaya nyingine za simu hupitisha umeme peke yake, hazipitishi data. Taa inawaka, mazungumzo hakuna.

Ikiwa bado, nitakuambia siri ambayo kaka zako hawataipenda: mchezo huu hauhitaji pedi tano. Huu si mpira, ambapo vidole vyote vinakimbia kwa pamoja. Vita vikianza, mmoja anatenda na wanne wanangoja. Wazee wa Taita walimwagilia mashamba kwa mifereji, na maji yakagawanywa kwa zamu: leo kwako, kesho kwa jirani. Hakuna aliyechimba mfereji wake hadi chanzoni ili asingoje. Ipitisheni pedi moja kama maji. Na kaka akiing'ang'ania zamu yake ikiisha, msimulizi amtumie fisi.

*Mjomba Pedi, wajukuu wangu wameiteka runinga, taarifa ya habari ya saa moja siioni. Jana mmoja kaniambia kwa furaha kwamba ameuawa mara mbili. Nimesikia pia wanatafuta joka kwenye pango lenye mafuvu. Mapango hayo mimi nayajua, na si ya mchezo.*
— Nyanya, Mghange

Shikamoo Mama. Kwa pango uko sahihi kabisa. Wadawida wa Taita waliweka mafuvu ya wazee wao mapangoni kwa heshima, na vijana wasiwaamshe kwa dadu. Waambie joka walihamishie Tsavo. Kule mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli mpaka kazi ya daraja ikasimama, na leo wamo kwenye makumbusho ya Field, Chicago, wamejazwa na kusimamishwa. Hadithi ya nyumbani hiyo, na hakuna kaburi linaloguswa.

Kuhusu taarifa ya habari, rimoti ndiyo pedi ya mwenye nyumba. Saa moja kamili ibonyeze, wala usiombe radhi. Ila habari zikiisha, kaa nao kidogo. Wakifika njia panda wakamkuta bibi kizee, waambie maneno ya huyo bibi utayasema wewe. Pedi hutaihitaji. Hiyo ni ya kusogezea kete. Hadithi inasogezwa na mdomo.

*Nina kibanda cha michezo Voi. Pedi zangu zimezeeka, kijiti kinavuta kushoto chenyewe. Jana shujaa wa mteja alitembea peke yake mpaka mtoni akazama. Mteja anataka arudishiwe pesa. Tena stima ikipotea katikati, nafanyaje?*
— Fundi Mchovu, Voi

Kijiti kimelika ndani. Kwenye mipangilio, ongeza lile eneo la katikati ambalo kompyuta hulipuuza. Bora zaidi, waambie wateja watumie vitufe vya mishale: ukibonyeza mara moja kete inasogea mraba mmoja, hakuna kuteleza. Pesa usirudishe, rudisha shujaa. Msimulizi aseme ukingo ulikuwa na tope, dadu irushwe upya.

Stima ikipotea, runinga inakufa lakini laptopu ina betri. Programu kama Foundry, iliyotoka mwaka 2020, hununuliwa mara moja na mwenyeji peke yake na huendeshwa ndani ya kompyuta yake, hata intaneti isipokuwepo. Betri nayo ikiisha, washa mshumaa. Kanuni za msingi za mchezo ziliwekwa chini ya leseni huru Januari 2023, nazo ni bure. Zichapishe uziweke droo moja na viberiti.

Wengine mlioandika, barua zenu ninazo. Msisukumane, pedi ni moja, na zamu yenu inakuja.