Kelele Moja, Benchi Tupu

Jumamosi nilipiga kelele kwenye kliniki ya meno hapa Kawangware, na hakuna aliyekuwa amenigusa. Daktari alikuwa bado anavaa glavu. Mimi niliona tu sinia ya vyuma, nikafumba macho, sauti ikatoka yenyewe, ndefu, ya kuchinjwa. Na kati ya kiti na wanaongoja ni pazia tu. Nikasikia slipa zikikimbia na mama mmoja akisema, "Twende, mwanangu, utasukutua na maji ya chumvi." Mtoto hakutaka kwenda. Aliinua pazia kwanza, ulimi mwekundu wa mabuyu, aniangalie vizuri.

Dada wa mapokezi akachungulia. "Daktari, benchi ni tupu." Kisha akanigeukia: "Mzee mzima!"

Daktari hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema dawa ya woga ipo. Kuna kidonge unachomeza kabla, ukaja na mtu wa kukurudisha nyumbani. Kuna dawa ya mshipani, unasinzia huku ukiitikia ukiitwa. Kuna nusukaputi, ya hospitali kubwa. Na kuna gesi ya kuchekesha, nitrasi oksaidi, unavutishwa puani pamoja na oksijeni. Ukimaliza unavuta oksijeni tupu dakika chache, unaenda zako. Hiyo gesi iko wapi? Akaelekeza kidevu upande wa Lavington, mwendo wa miguu tu kutoka hapa.

Gesi hii nimeifuatilia tangu hapo kama deni. Desemba 1844, Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells alimwona kijana aliyeivuta kwenye maonyesho akijiumiza mguu bila kujua. Kesho yake akang'olewa jino lake mwenyewe akiwa ameivuta, asihisi kitu. Mwezi uliofuata akaenda Boston kuwathibitishia madaktari. Mgonjwa akapiga kelele, ukumbi ukamzomea Wells kuwa ni tapeli. Angalau wale walibaki vitini.

Mimi nilipata sindano ya ganzi, na ikashika. Kwenye matatu ya 46 nilitaka kusema "shukisha hapo mbele", ikatoka "hukiha hao ele". Konda akanipa chenji na kunipitisha hadi mjini. Chai ya jioni ilinywewa na shati.

Lakini kuna jambo daktari alilosema ambalo halinichekeshi. Ganzi, ili ifanye kazi, lazima ipenye ndani ya neva, ifunge vijilango vinavyopitisha habari ya maumivu. Jino likishaoza na kutunga usaha, nyama ya pale huwa na asidi, na asidi huigeuza dawa ikashindwa kupenya. Inabaki nje kama abiria asiye na nauli. Kwa hiyo aliyewahi hupata ganzi kamili, na aliyechelewa hukatwa akisikia. Sasa niambie, nani huchelewa? Shemeji yangu wa Kibera alisaga karafuu, akameza vidonge vya dukani, akaahidi jino lake litatibiwa mwisho wa mwezi. Mwezi ulipoisha, kodi ya nyumba ikatangulia. Akaongeza mwezi mwingine. Alipofika kitini shavu limevimba hadi jicho. Sindano ya kwanza haikushika, ya pili ikashika kidogo, koleo likaingia. Alipolia wakamwambia aache utoto. Ana watoto wanne.