Mpakato wa Nyumbani Kwetu

Ugomvi ulianzia kwenye runinga. Binti yangu alipofaulu mtihani wa kidato cha pili, kaka yangu, fundi redio mwenye kibanda chake Buguruni, alimletea zawadi ndani ya kiboksi chepesi: bodi ya kijani yenye urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56. "Hiyo ni kompyuta kamili, mjomba," akamwambia. Mama mkwe aliichukua, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaitazama juu na chini, kisha akauliza, "Na kioo chake?"

"Kioo ni hiyo runinga yenu, mama," kaka akajibu.

Amani ya sebule ikatoweka tangu jioni hiyo. Bodi yenyewe ni Raspberry Pi 4. Ina matundu manne ya USB, mawili madogo ya HDMI, na kadi ya memori inayochomekwa kwa chini ndiyo ghala yake. Ukiiunganisha na runinga na kibodi inafanya kazi kama kompyuta nyingine yoyote. Lakini saa mbili usiku mama mkwe anataka taarifa ya habari. Ikiisha taarifa kuna mpira, na baba watoto hana mzaha na mpira. Binti akabaki na usiku wa manane, watu wakishalala, ndipo naye aanze kuandika. Asubuhi anaondoka kwenda shule macho mekundu.

Kununua mpakato mpya hatukuweza, kodi ya chumba changu cha ushonaji ilikuwa mlangoni. Nikasema basi, kama kompyuta haina pa kukaa, tuijengee nyumba yake. Tuipe kioo chake, kibodi yake na umeme wake, ifungwe kwenye boksi jepesi mtoto aipakate popote. Kaka alifurahi mno. Meza yangu ya kukatia nguo ikageuka karakana.

Wakati wa kazi alitusimulia asili ya bodi ile, nami nimeisoma zaidi baadaye. Mjini Cambridge, Uingereza, Eben Upton na wenzake waliona vijana wanaoomba kusomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu wanapungua, na hata wanaofika hawajazoea kuandika programu kama waliowatangulia. Watoto wa miaka ya 1980 walikulia na mashine kama BBC Micro, iliyoundwa na kampuni ya Acorn ya hapo hapo Cambridge. Ukiiwasha ilikuwa inakusubiri uiandikie amri. Waliozaliwa baadaye walikuta kompyuta ya nyumbani ina kazi za wakubwa, na mtoto haruhusiwi kuichezea. Taasisi yao ikaundwa mwaka 2009, na tarehe 29 Februari 2012 bodi ya kwanza ikaingia sokoni kwa dola 35. Mwaka 2015 wakatoa ndogo zaidi iitwayo Zero, ya dola 5, na nyingine wakazitoa bure zikiwa zimebandikwa kwenye jalada la jarida lao. Wazo hilo nalipenda kwa moyo wote: kompyuta ambayo mtoto ana ruhusa ya kuifungua.

Kioo tulikipata Kariakoo, kwa fundi mwenye rundo la vioo vilivyong'olewa kwenye mipakato iliyokufa. Tulichukua cha inchi 11.6. Kioo cha mpakato hakiwezi kuchomekwa moja kwa moja kwenye HDMI, lazima kipate bodi yake ya kukiendesha, na muuzaji akatupa moja akituhakikishia kwamba zote zinaingiliana. Haziingiliani. Waya wa bodi ile ulikuwa na pini 40, na soketi ya kioo chetu ina pini 30. Kaka alikigeuza, akanionyesha namba ndefu iliyobandikwa nyuma: hiyo ndiyo inayotafutiwa bodi yake, herufi kwa herufi. Tukairudisha ile bodi, tukaongeza pesa kidogo, tukabadilishiwa. Bodi mpya nayo ikataka volti 12 wakati kompyuta inatumia volti 5, ikabidi kununua kidude cha kupandisha volti.

Kazi nzito kuliko zote ilikuwa umeme, na nitakaa hapo kidogo kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Binti aliiwasha mara ya kwanza na kioo chake kwa chaja ya simu ya baba yake na kebo ndefu iliyokuwa kwenye droo ya jikoni. Taa nyekundu ikawaka, ya kijani ikaanza kupepesa, kioo kikajaa maandishi, tukapiga vigelegele. Mara kwenye kona ya juu kikatokea kijialama cha manjano chenye umbo la radi. Mama mkwe, ambaye radi zikianza hufunika vioo vyote vya nyumba kwa kanga, alisimama. "Radi ndani ya nyumba? Zimeni hicho!" Akachukua kanga yake begani akakifunika kioo. Hakuna aliyebisha.

Kumbe alama ile ni bodi yenyewe inalalamika. Umeme unaoingia ukishuka chini ya volti 4.63 ndipo inapoonekana, na kompyuta hujipunguzia mwendo ili isizimike. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na chaja inayoweza kutoa hadi ampea 3, na chaja nyingi za simu za zamani hazifiki nusu ya hapo. Kaka alileta mita yake. Kwenye chaja ikasoma 5 na ushee. Akagusisha ncha zake kwenye pini ya 2 na ya 6 za bodi, ikasoma 4.5. Nusu volti ilikuwa imepotelea njiani! Akachukua wembe, akaichana ile kebo kwa urefu mbele yetu: plastiki nene, na ndani yake nyuzi za shaba za kuhesabika. Umbo la nje lilikuwa la kebo nzito, mwili wote ulikuwa plastiki. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Tulinunua kebo fupi yenye shaba ya kutosha na chaja ya ampea 3, na ile radi haijaonekana tena. Mama mkwe alithibitisha mwenyewe.

Boksi likawa la plaiwudi ya milimita 3, na baba watoto ndiye aliyekata. Bawaba tulizitoa kwenye mpakato uliokufa. Bawaba hizi ni ngumu kwa makusudi, ili kioo kibaki pale unapokiacha, na ugumu huohuo uling'oa skrubu pamoja na vipande vya mbao siku ya kwanza tulipofunua. Plaiwudi nyembamba haiwezi kuubeba mzigo huo peke yake. Baba watoto akakata ukanda wa alumini kutoka fremu ya dirisha la zamani, akaupitisha upande wote wa nyuma, skrubu zikashika alumini.

Joto nalo likaja. Mbao hazipitishi joto, na bodi ikifungiwa ndani ya boksi dogo inapanda haraka. Ikifika nyuzi 80 inapunguza kasi yenyewe, herufi zinachelewa kutokea kwenye kioo kama vile kibodi imechoka. Kaka aliweka kipande cha alumini chenye mapezi juu ya kichakataji, na binti akatoboa safu ya matundu chini na nyuma kwa msumari uliopashwa kwenye jiko la mkaa. Nikasema matundu hayo mende watayageuza mlango, maana nawajua mende wa nyumba hii. Nikakata vipande vya chandarua, nikavibandika kwa ndani kwa gundi. Hewa inapita, mende hapiti. Miguu tuliikata kutoka soli ya kandambili iliyokatika, ikaliinua boksi juu ya meza ili upepo uingie kwa chini.

Halafu likaja la kadi. Kitinda mimba wetu alikuwa anafukuza mpira sebuleni, mguu ukanasa kwenye waya, kompyuta ikazimika dada yake akiwa katikati ya kuhifadhi mazoezi ya baiolojia. Ilipowashwa haikufika popote. Kadi ya memori ikikatiwa umeme wakati inaandikwa inaweza kuvurugika, na vurugu likiangukia kwenye mafaili ya mfumo, mashine haiamki. Binti alilia kwa sauti. Bibi yake alimkumbatia bila neno, na mtoto mdogo alijificha chini ya cherehani hadi wakati wa chakula cha usiku. Kadi ilifutwa na kuwekewa mfumo upya kwenye kompyuta ya jirani, jambo lisilo na ugumu wowote, ila mazoezi yalikwenda na maji. Tangu hapo kuna flashi inaning'inia kwenye ufunguo wa kabati, na kila Ijumaa jioni kazi zote zinanakiliwa humo.

Ajali hiyo ndiyo iliyotusukuma kwenye betri, na kwenye betri mimi na kaka hatukuelewana. Alikuja na seli za duara za lithiamu alizozitoa kwenye betri ya mpakato wa zamani. "Dada, hizi zina uhai bado, tuziunge." Nikakataa. Seli ya lithiamu ikitobolewa, ikipigishwa shoti au ikichajiwa kupita kiasi inaweza kuwaka moto, na moto wake hauzimiki kirahisi. Chumba changu kimejaa vitenge, satini na pamba za watu. Nisingelala. Kaka alinuna, akazirudisha kibandani kwake, na bado naamini nyumba yenye watoto na vitambaa haipaswi kuwa na seli zilizounganishwa kwa kubahatisha.

Tukanunua pawabenki ya mAh 10,000, yenye ulinzi wake ndani. Hesabu yake binti aliifanya kwenye daftari: seli za ndani ni za volti 3.7, kwa hiyo kuna wati-saa 37. Kuupandisha umeme hadi volti 5 kunakula sehemu, zinabaki kama 30. Kompyuta na kioo kwa pamoja vinatumia takriban wati 10. Saa tatu, basi, na ndivyo inavyokwenda. Jambo moja la kuangalia dukani: pawabenki nyingine hukata umeme kwa sekunde moja unapochomeka au kuchomoa chaja yake, na sekunde hiyo inatosha kuizima kompyuta. Iunganishe na kitaa kidogo cha USB palepale, chomeka chaja, chomoa. Taa ikipepesa, usiinunue pawabenki hiyo.

Saa ya kompyuta haikutusumbua sana. Bodi hizi, kabla ya Raspberry Pi 5 iliyotoka mwaka 2023, hazikuwekewa saa ya ndani. Bila intaneti mashine inaamka ikidhani ni siku ile ilipozimwa, na ukiiunganisha na intaneti kabla tarehe haijasahihishwa, tovuti nyingi zinagoma kufunguka. Tuliongeza kidude kidogo cha saa aina ya DS3231 chenye kibetri cha duara. Binti alikilehemu mwenyewe, mjomba wake akiwa ameweka mikono nyuma.

Mpakato ulipokamilika tuliupeleka dukani kwa Mangi tukauweka kwenye mizani ya unga. Kilo moja na robo. Bodi yenyewe haifiki gramu 50, uzito mkubwa ni kioo, kibodi, mbao na pawabenki. Nimeushonea mfuko wa turubai wenye sponji, mkanda wake mpana usiumize bega. Mama mkwe amerudishiwa taarifa yake ya habari, na programu ya kwanza iliyoandikwa juu ya mpakato huo, kwa lugha ya Python, inanitunzia vipimo vya wateja wangu: kifua, kiuno, urefu wa mkono, tarehe ya kuchukua nguo. Daftari langu la vipimo lilikuwa limechakaa.

Kuhusu gharama nitasema kama ilivyo. Bodi tulipewa, lakini kioo na bodi yake, pawabenki, kebo, chaja na vidude vingine, kwa kudunduliza, vilikaribia bei ya mpakato wa mtumba pale Kariakoo. Anayetaka mashine ya kuandikia barua tu na anunue huo wa mtumba. Anayetaka bodi hii bila useremala achukue Raspberry Pi 400, iliyotoka Novemba 2020, ambayo kompyuta yote imo ndani ya kibodi. Atabaki kutafuta kioo na umeme. Lakini wewe mwenye mtoto anayefungua redio kutazama sauti inatokea wapi, usimfukuze mezani. Mpe meza, mkalishe na fundi mwenye subira, na kabla ya kingine chochote mnunulie chaja ya ampea 3 na kebo nzuri.